Daftari la Madeni na Unga Unaorudishwa



Kila mwisho wa mwezi, mshahara unapotoka, yuko mtu mmoja asiyepotea njia ya kufika kwetu. Mtu huyo ni mwenye duka. Anajua kwamba fulani alichukua kilo 3 za kawunga tarehe 6, akachukua mafuta nusu lita tarehe 11, na kwamba tarehe 19 alimtuma mtoto kuchukua kilo 2 nyingine. Yote yameandikwa katika daftari lililochakaa jalada, kwa kalamu ya wino, jina kwa jina. Hapa Gihundwe, kuanzia vilima vya chai mpaka kushuka Kamembe mjini, sidhani iko ofisi yenye kumbukumbu zilizonyooka kuliko daftari hilo. Barua ya mfanyakazi yaweza kupotea miaka 2, lakini deni la kilo moja ya unga halipotei.

Nimeanza na daftari kwa sababu leo nataka tuzungumze habari ya chakula kibovu kinachoamriwa kirudishwe kutoka sokoni, na kwa nini amri hiyo huishia barabara ya lami isipande mpaka kwetu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Unga unaposagwa kiwandani, mifuko ya siku ile hupigwa muhuri wa tarehe na namba ya fungu. Ikigunduliwa baadaye kwamba fungu lile lina sumu au uchafu, mamlaka hutangaza jina la unga na namba yake, wenye maduka huamriwa kuutoa rafuni, na aliyeununua huambiwa aurudishe alipoununua apewe fedha zake. Nchini kwetu Rwanda FDA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, ina uwezo wa kutoa amri ya namna hiyo kwa chakula kinachotengenezwa viwandani. Huo ni utaratibu mzuri, wala sina neno dhidi yake. Ila tazama umekatwa kwa kipimo cha nani. Umekatwa kwa kipimo cha mtu anayenunua mfuko mzima uliofungwa, anayeweza kusoma namba ya mfuko, na aliyetunza risiti. Ni wangapi kati yetu wachuma chai tunaonunua hivyo?

Sisi tunapimiwa. Mwenye duka hununua mfuko wa kilo 25 kwa mfanyabiashara wa jumla, huufungua, humimina unga kwenye pipa au beseni, na kutupimia kilo moja moja. Unga wa Jumatatu ukibaki, wa Alhamisi humiminwa juu yake. Mfuko mtupu nao huuzwa, kwa kuwa ni mali, hufungia makaa na mihogo. Namba ya fungu imekwenda na makaa.

Rafiki yangu mmoja wa zamu ya usiku aliwahi kusikia redioni kwamba unga wa aina fulani umeondolewa sokoni. Asubuhi akapita dukani anakokopa, akauliza kama unga alioupimiwa juzi ni ule uliotajwa. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya, alifikiri kweli kweli. Akasema alikuwa na mifuko 3, mmoja wa aina ile na 2 ya aina nyingine, yote ameimimina pamoja, na mifuko yenyewe haipo tena. "Sasa nifanye nini?" rafiki yangu akauliza. Mwenye duka akamwambia kila mtu anakula unga huo na hakuna aliyelalamika. Nyumbani ulikuwa umebaki kama kilo moja na nusu, na siku za kufikia mshahara zilikuwa 9. Wakaula. Hakuna aliyeugua, na mwisho wa mwezi akalipa deni lote, pamoja na unga ule. Hadithi yenyewe ni hiyo tu. Hana hakika mpaka leo alichowalisha watoto wake.

Watasema wengine, kama hakuna aliyeugua, kelele za nini? Hapo ndipo inatupasa kuijua sumu inayosemwa. Katika mahindi na karanga adui mkubwa ni sumukuvu, sumu inayoachwa na ukungu unaoota juu ya nafaka isiyokauka vizuri. Haina harufu ya kuaminika wala ladha. Kuipika hakuiondoi, songa ugali saa nzima, sumu ni ile ile. Mahindi yakiwa punje unaweza kuchambua yaliyobadilika rangi na kuoza ukayatupa, na hiyo husaidia sana, lakini yakishasagwa jicho halina kazi tena. Ikiwa nyingi humpiga mtu kwa siku chache: kutapika, tumbo kujaa maji, macho kuwa ya manjano, ini kushindwa. Ikiwa kidogo kidogo kila siku haimwangushi mtu leo, bali hujenga saratani ya ini baada ya miaka, na aliye na homa ya ini ya aina B yuko katika hatari zaidi. Kwa hiyo neno "hakuna aliyelalamika" halithibitishi lolote. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana kwamba mahindi yasiwe na zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja. Mikrogramu ni sehemu ya milioni moja ya gramu. Beseni la dukani halina mizani ya kupima kitu hicho.

Wala tusidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 2004 huko Kenya, katika wilaya za Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 kati yao wakafa. Wengi walikula mahindi ya shamba lao yaliyohifadhiwa na unyevu ndani ya nyumba. Lakini wachunguzi hawakuishia majumbani. Walikwenda katika masoko 65 ya sehemu zile, wakachukua sampuli 350 za mahindi na unga wake. Zaidi ya nusu, asilimia 55, zilipita kipimo cha Kenya cha wakati ule, ambacho kilikuwa mikrogramu 20 kwa kilo. Asilimia 7 zilipita mikrogramu 1,000. Yaani mara 50 ya kilichoruhusiwa, na yako sokoni, yanapimwa kwa debe, yamechanganyika ya mkulima huyu na ya yule. Nani angetangaza namba gani ya fungu pale?

Linganisha na mambo ya Novemba 2019 katika nchi hiyo hiyo. Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha aina 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu na kuamuru uondolewe madukani. Januari 2020 likaongeza aina nyingine 17. Majina yalitajwa magazetini, na mwenye pakiti ya kilo 2 jikoni akaweza kuigeuza na kusoma. Kwa huyo tangazo lilikuwa na maana. Kwa mwenzake aliyenunua unga wa kupimiwa siku ile ile, kwenye mtaa ule ule, tangazo lilikuwa habari za watu wengine.

Hata pombe imetufundisha hilo hapa nyumbani. Krismasi ya mwaka 2021 watu wapatao 11 walikufa katika wilaya za Bugesera, Gasabo na Kicukiro baada ya kunywa kinywaji kilichoitwa Umuneza, kilichokuwa na methanoli. Kilikuwa na jina, kwa hiyo kiliweza kutajwa na kuzuiwa. Pombe inayomiminwa kutoka mtungi usio na jina ingetajwaje?

Tena upo ulaji wa aina nyingine ambao mimi naona haujasemwa vya kutosha, nao ni safari ya chakula kilichokataliwa. Kiwanda cha Africa Improved Foods cha Kigali, kinachotengeneza uji wa watoto, kilipoanza kununua mahindi ya wakulima wetu kilikataa sehemu kubwa ya mzigo kwa sababu ya sumukuvu. Kilifanya sawa, kwa kuwa ni chakula cha watoto. Lakini mahindi yaliyokataliwa hayayeyuki. Mkulima hawezi kuyatupa mavuno yake ya msimu mzima eti kwa kuwa karatasi ya maabara imesema hapana, wakati hakuna anayemfidia. Yatauzwa kwa asiyepima, na asiyepima humuuzia asiyeuliza. Mwisho wa mteremko huo ni nani? Ni yule anayenunua unga wa bei ya chini kabisa kwa sababu ujira wake haumruhusu kununua mwingine. Na sisi wa huku tunajua vizuri mahindi ya msimu wa A yanavyovunwa kwenye Februari, mvua za Machi ziko mlangoni, na mkulima hana turubai wala ghala la kukaushia.

Sasa nifike kwenye mfano ulionifanya nichukue kalamu, ingawa ni wa mbali, Hispania, mwaka 1981. Mafuta ya mbegu za rape yaliyokuwa yameingizwa nchini kwa matumizi ya viwandani tu, na kutiwa dawa ya anilini makusudi ili yasiliwe, yalisafishwa na walanguzi na kuuzwa kama mafuta ya zeituni. Yaliuzwa wapi? Hayakupelekwa katika maduka ya matajiri. Wachuuzi waliyapitisha nyumba kwa nyumba na katika magulio ya vitongoji vya wafanyakazi kando ya Madrid, ndani ya madumu ya plastiki ya lita 5 yasiyo na jina, kwa bei nafuu. Kuanzia Mei watu walijaa hospitali, na mwanzoni madaktari wakadhani ni homa ya mapafu. Watu wapatao 20,000 waliathirika, na zaidi ya 300 wakafa. Wengine waliobaki waliumwa misuli na neva kwa miaka mingi, kazi hawaziwezi.

Sikilizeni lakini yaliyofuata, maana ndiyo yenye faida kwetu. Serikali ilipotangaza mwezi wa Juni kwamba mafuta ya madumu ni sumu, ilikuwa na tatizo lile lile la beseni letu: hakuna namba, hakuna risiti, hakuna jina. Tena familia maskini haimwagi mafuta ya kupikia kwa neno la redio. Basi wakafanya jambo la akili. Walisema, leta mafuta uliyo nayo, yoyote unayoyatilia shaka, upewe mafuta safi ya zeituni badala yake. Watu wakaleta. Hawakuulizwa risiti. Walipewa chakula kwa chakula.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kumwambia mtu atupe na kumpa sababu ya kutupa. Rafiki yangu wa zamu ya usiku hakukosa akili wala mapenzi kwa watoto wake. Alikosa kilo moja na nusu ya unga mwingine.

Kwa hiyo ninalolisema ni hili. Daftari lile linalotuita siku ya mshahara lituite pia siku ya unga mbovu. Risiti hatuna, lakini kumbukumbu ipo: jina, tarehe, kilo. Inakosekana namba ya fungu peke yake. Mwenye duka akiandika pembeni ya ukurasa siku anapofungua mfuko mpya, jina la unga na namba iliyo kwenye mfuko, basi kila aliyepimiwa baada ya mstari ule anajulikana. Hahitaji mashine wala elimu ya chuo. Tangazo likitoka, atafungua ukurasa na kutuma mtoto kwetu kama anavyomtuma tukichelewa kulipa.

Litakalofanya jambo hili liwezekane ni kwamba mifuko isichanganywe. Unga uuzwe ukiwa ndani ya mfuko wake wenyewe, kinywa kimekunjwa, mpaka kilo ya mwisho. Na mfuko mtupu ukae siku kadhaa kabla ya kuuzwa kwa watu wa makaa. Na unga uliotangazwa kuwa mbovu, anayeurudisha abadilishiwe kilo kwa kilo, na aliyeukopa deni lake lifutwe. Siwezi kuelewa haki ya mtu kulipia sumu kwa sababu tu aliila kwa mkopo.

Wako wataalamu wanaopenda dawa nyepesi: pigeni marufuku kuuza unga wa kupima, kila mtu anunue pakiti. Nakataa, na chama kisikubali maneno hayo. Pakiti ina bei yake. Mchuma chai hulipwa kwa kilo za majani, mvua kubwa ikimkuta hana kilo, na jioni ile hununua unga kwa alichopata. Ukimnyima kilo moja ya kupimiwa umemnyima chakula cha usiku, halafu unasema umemlinda. Kupimiwa si kosa. Kosa ni kuificha asili ya kinachopimwa.

Pamoja na hayo tusipeleke lawama zote dukani. Tunao wenyewe mahali pa kuanzia penye nguvu zaidi, napo ni jiko la kazini. Palipo na jiko la kampuni, shehena ya unga, maharage na mchele hununuliwa kwa mifuko mizima na kwa karatasi. Hapo mwajiri hana kisingizio. Kamati ya tawi idai kuona karatasi ya manunuzi, namba za mafungu ziandikwe ubaoni kando ya orodha ya chakula, na tangazo lolote la mamlaka libandikwe langoni kwa Kinyarwanda na Kiswahili siku ile ile linapotoka. Mtu akila chakula cha kazini akaugua, siku zake za kulala kitandani zihesabiwe kuwa za kazi. Sasa hivi anayetapika hana kilo za majani, na asiye na kilo hana ujira. Chakula kimekuwa kosa lake.

Kuna chakula pia ambacho daftari haliwezi kukifikia, na sitaki kuwadanganya ndugu zangu. Sambaza wa ziwani wanaouzwa kwa fungu kando ya njia hawana namba. Mahindi ya shamba letu wenyewe hayana namba. Tanzania mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafa, na mahindi mengi yalikuwa ya kulimwa nyumbani. Pale hakuna kiwanda cha kushtakiwa. Yanayotakiwa ni turubai, ghala kavu, na mtu wa kupima unyevu kabla ya kuhifadhi. Hayo ni madai ya siku nyingine, na wenzetu wa vyama vya ushirika wanayajua kuliko mimi.

Lakini panapowezekana kufuata nyayo za chakula, zifuatwe. Machi 2019 huko Karamoja, Uganda, watu 5 walikufa na karibu 300 wakaugua kwa kula unga wa lishe wa msaada uliokuwa umechanganyika na mbegu za gugu lenye sumu. Kwa kuwa mifuko ilikuwa na alama za mtengenezaji, Mpango wa Chakula Duniani uliweza kusimamisha ugawaji wa unga wa mtengenezaji yule kila mahali ulipokuwa umepelekwa, hata nchi ambako hakuna aliyekuwa ameugua bado. Alama tu za mfuko ndizo zilizofanya kazi hiyo. Mfuko wa namna ile ile, hapa kwetu, tunaufungia makaa.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda kwa mwenye duka ninayekopa kwake, nikamweleza habari ya kuandika namba katika daftari. Alicheka kwanza, akasema mfanyakazi amepata mwalimu mpya. Halafu akanyamaza, akafunua kurasa kadhaa, akaniuliza: "Haya, mimi nikuandikie namba, nikubadilishie na unga. Na mimi atanibadilishia nani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu yeye naye huchukua mifuko yake kwa mfanyabiashara wa jumla wa Kamembe, kwa mkopo, na anaandikwa katika daftari la mwenzake bila namba yoyote. Mwenye jumla huletewa na lori. Lori linatoka kwa kiwanda ambacho ndicho chenye namba zote na fedha zote. Basi swali la mwenye duka liingizwe katika orodha ya mkutano wa tawi ujao, yeye mwenyewe na wenzake wa madukani waalikwe, na mwenye jumla aandikiwe barua afike.